Ndoa ya Kuombea Nyumba

Mvua za mwaka ule ziliwatoa Zulekha na wanawe chumbani mara mbili, na mara ya pili maji yaliondoka na godoro, sufuria kubwa ya ubwabwa na begi la shule la Filbert, mtoto wake wa kwanza. Walirudi, maana bondeni Jangwani ndiko kulikokuwa na chumba wanachokimudu. Wakasukuma tope nje kwa fagio na kipande cha bati, wakaanika juani kila kilichoanikika. Harufu haikutoka. Mtoto wa mwisho, Seifu, akaanza kukohoa kikohozi kile cha unyevu kisichosikia dawa.

Ndiyo maana siku mjumbe alipopita akitangaza kwamba maghorofa ya serikali yaliyojengwa upande wa juu wa barabara sasa yanapokea maombi, kodi nafuu, na watu wa bondeni wafikiriwe kwanza, Zulekha hakungoja kuambiwa tena. Alijitanda khanga akaelekea ofisi ya mtaa, chai ameiacha jikoni haijachemka.

Dirishani alimkuta dada mmoja mtaratibu, jina lake Angelina, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kupokea maombi. Angelina akamsomea yanayotakiwa: kitambulisho cha taifa, barua ya mjumbe, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Zulekha alikuwa akiitikia kwa kichwa. Vyote anavyo, alivifunga kwenye mfuko wa nailoni akavining'iniza juu darini, vikayaponyoka maji.

"Na cheti cha ndoa," Angelina akamalizia.

Zulekha akaacha kuitikia.

"Una mume?"

"Ninaye. Tuna watoto watatu."

"Watoto siyo ndoa, dada yangu. Mlifunga wapi? Msikitini, kanisani, bomani?"

"Tunaishi tu."

Angelina hakucheka, na Zulekha alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Kiapo cha mahakamani hakitoshi?" Zulekha aliuliza.

"Mwanzoni tulikuwa tunapokea. Watu wakaapa kwamba wameoana mpaka na mashemeji zao, ili mradi wapate nyumba ya vyumba viwili. Sasa wakubwa hawataki kukisikia. Mwenye mume alete cheti. Asiye na mume aandikwe peke yake na wanawe. Na dirisha hili linafungwa mwisho wa mwezi ujao."

Zulekha alirudi na makaratasi yake kwapani, njia nzima akijisikia kama mtu aliyevuliwa ushungi hadharani.

Yeye alikuwa mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Alikuja mjini akiwa msichana, akapata kazi ya kushona mapazia kwenye duka la Bi Hind, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Samson alikuwa kijana wa Mbinga, dereva wa guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Alileta majora ya vitambaa pale dukani, na wakati wenzake waliyatupa chini kama magunia ya mkaa, yeye aliyapanga moja moja, rangi zikifuatana. Bi Hind alimsifu kwa hilo. Zulekha hakusema kitu, ila kesho yake alimtengea chai.

Makwao waliposikia kwamba wanataka kuoana, mambo yakaharibika. Baba yake Zulekha alisema neno moja: kijana asilimu, ndoa ifungwe kesho yake, na asiposilimu binti asirudi kumwonyesha uso. Mbinga nao wakasema binti abatizwe kwanza. Samson akamwambia Zulekha, "Tuwape muda, watapoa." Zulekha akawapa muda. Akazaliwa Filbert, jina la ukoo wa baba. Akazaliwa Shadya, jina alilolichagua mama. Akazaliwa Seifu. Muda ukapita na hakuna aliyepoa. Mama yake alipofariki, Zulekha alisafiri kwenda kuzika. Baba alikuwa akipita kwenye mkeka kuwasalimia wafiwa mmoja mmoja, na alipomfikia yeye alimpita, akashika mkono wa aliyefuata. Mpaka leo Zulekha hajajua kama alimwona.

Ndiyo hayo aliyokuwa akiyafikiria alipomkuta Samson mchana ule, amekaa kivulini mwa guta lake nje ya banda la mama ntilie, anakula wali na maharage. Akamweleza habari za dirishani. Samson akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hilo tu? Basi twende bomani, mke wangu. Jumatatu hii hii. Tunaandikisha, wiki tatu za tangazo zikitimia tunafunga, tunachukua cheti, tunampelekea."

Zulekha alimtazama. "Unasemaje?"

"Nasema tukafunge."

"Samson, hilo neno nimelingoja tangu Filbert yuko tumboni. Leo umesikia ghorofa, ndiyo umekumbuka kwamba kuna boma?"

"Sasa kosa langu nini? Umekuja kuniambia kinatakiwa cheti. Mimi nakwambia tukakichukue." Akaweka kijiko chini. "Mama Filbert, wewe unataka nyumba au unataka harusi?"

"Nataka kuolewa. Baba yangu aambiwe. Akikataa akatae, lakini aambiwe kwamba yupo mtu anamtaka binti yake. Siyo nichukuliwe kama kibali cha kuegesha guta."

"Twende Kilwa, wazee wakae vikao, turudi, na bomani nako tangazo linabandikwa wiki tatu. Dirisha litakuwa limefungwa zamani. Seifu anakohoa, wewe unataka vikao?"

Ni kweli Seifu alikuwa anakohoa, na hapo ndipo palipomuuma Zulekha. Kila alilolitaka kwa ajili ya nafsi yake lilionekana anamnyang'anya mtoto.

Alirudi dukani akakalia cherehani. Pindo la kwanza likaenda upande, la pili nalo hivyo hivyo. Bi Hind, mwenye duka, alikuwa mama wa makamo wa ukoo wa Kiarabu, baba yake na babu yake walifanyia biashara mtaa huo huo. Aliliona pindo, akavuta kiti.

"Una nini leo?"

Zulekha akamwambia. Bi Hind akazungusha pete kidoleni.

"Mimi niliozwa kwa sababu baba yangu alitafuta mshirika wa duka," alisema. "Hakuna aliyekuja kuniuliza. Niliambiwa Ijumaa kuna mgeni, kumbe mgeni ndiye mume."

"Na uliridhika naye, Bi Hind?"

Bi Hind akachukua futi ya kupimia, akalipima pazia ambalo lilikuwa limeshapimwa. "Nilikuwa na nyumba," alisema. "Wanangu hawajawahi kulala pabichi."

Hakumwambia afanye nini. Lakini jioni ile Zulekha alipofika chumbani, akamkuta Shadya amemweka mdogo wake mapajani anampigapiga mgongoni ili apumue, alijisalimisha. Alimwambia Samson, "Sawa. Tutakwenda bomani. Ila kwanza mpigie simu baba. Wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Mwambie unataka kunioa. Sitaki kingine."

"Nitapiga," Samson alisema. "Kesho."

Kesho alikuwa na mzigo wa kupeleka mtaa wa Gerezani. Kesho kutwa simu haikuwa na chaji. Siku nyingine alisema amepiga haikupokelewa, na Zulekha alijua hakupiga, maana alimwona uso. Mtu huyu aliyekuwa akipandisha kilima cha Msimbazi na mabati ya nyumba nzima mgongoni mwa guta aliogopa sauti ya mzee mmoja Kilwa. Na Zulekha naye akashika msimamo wake: hakuna simu, hakuna boma. Wakawa wanalala wamepeana migongo, na siku zinakatika, mpaka ikawa hata wakibandika tangazo siku ile, dirisha litafungwa kabla hawajafunga.

Ndipo Samson akaja na bahasha.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, watoto wako nje. Alimkabidhi bila kusema kitu. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa. Kina muhuri, kina sahihi, kina majina ya mashahidi ambao Zulekha hajawahi kuwasikia. Na jina lake mwenyewe limeandikwa vizuri, kwa herufi za kompyuta, pembeni ya jina la Samson.

"Kimetoka wapi hiki?"

"Beno anamjua mtu, nyuma ya soko." Beno alikuwa dereva mwenzake wa guta. "Wengi wanafanya. Hawakagui."

Zulekha alikaa chini taratibu. "Kwa hiyo mimi nimeshaolewa."

"Zule..."

"Nimeolewa na sikualikwa. Harusi yangu mmeifunga wewe na Beno, kwenye duka la fotokopi."

"Nifanye nini, niambie! Umegoma boma, siku zimeisha, mtoto anaumwa!"

"Upige simu! Nilikwambia upige simu tu!"

Samson akageukia ukutani. Zulekha akakitazama tena kile cheti, na macho yake yakaishia kwenye tarehe.

"Hii tarehe umeitoa wapi?"

"Ni siku uliyokuja kwangu na begi lako," Samson alisema, bado kaupa ukuta uso. "Mimi naihesabu ndoa yetu kuanzia hapo. Sijawahi kuihesabu kuanzia pengine."

Moyo wa Zulekha ukalegea. Alichukia ulivyolegea. Neno hilo lilikuwa zuri, ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mtu huyu, na mahali pake pa kwanza kuandikwa pakawa kwenye karatasi ya uongo.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi walikwenda wote wawili. Foleni ilitoka ofisini ikazunguka ukuta, akina mama wamejifunika makaratasi kichwani kujikinga na jua. Bahasha alikuwa nayo Samson. Zulekha alikuwa ameshasema atanyamaza. Alijiambia kazi yake ni kusimama tu, mengine ataongea mwanaume.

Angelina alimkumbuka Zulekha. Akapokea vyeti vya watoto, akapokea barua ya mjumbe, kisha akakichukua kile cheti. Akakiangalia muda mrefu kuliko vingine.

"Hongereni," alisema. "Mama, ulipokuja mara ya kwanza uliniambia mnaishi tu."

"Alisahau," Samson aliwahi. "Ilikuwa zamani."

"Nimemuuliza mama." Angelina akamgeukia Zulekha. "Mlifunga ndoa?"

Zulekha alikuwa na jibu lake tayari. Alitembea nalo njia nzima. Lakini alipofungua mdomo aliona kwamba siku akimwambia baba yake ameolewa, na siku akimwambia Shadya mama yako aliolewa, ndoa yenyewe itakuwa ni hii hapa, dirishani, na mashahidi wake ni majina ya kubuni.

"Hapana," alisema. "Hatujafunga."

Nyuma yao mtu akaguna. Samson aliushika ukingo wa dirisha. Angelina akakirudisha cheti ndani ya bahasha bila haraka, akakisukuma kwa kidole mpaka upande wao.

"Kaka, ondoa hiki kitu kabla sijakiona vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanafungwa kwa hivi." Kisha akamwambia Zulekha, "Nikuandike peke yako na wanao?"

"Niandike."

"Na huyu je? Anaishi na nyinyi?"

Hapo Zulekha alikwama. Akisema anaishi nao, ni mwanamke mwenye mume asiye na cheti, na jina lake haliingii. Akisema haishi nao, anamfuta mtu aliyesimama bega kwa bega naye.

"Siishi nao," Samson alisema.

Zulekha akageuka.

"Mimi ni baba wa watoto tu," Samson aliendelea, sauti yake kavu. "Nakaa Kigogo, kwa rafiki yangu. Huwa nakuja kuwaona."

Angelina aliwatazama wote wawili. Alichokijua hakukionyesha. Akaandika.

Walipofika chumbani, Samson alichukua mfuko wa plastiki wa Rambo, akatia suruali mbili, mashati, taulo na viatu vya mvua. Filbert akamuuliza baba unakwenda wapi. "Kigogo, kwa mjomba Beno, siku chache," alijibu, akampapasa kichwa. Zulekha alisimama mlangoni na alitaka kumwambia asiende, lakini wakaguzi wangeweza kuja siku yoyote. Alibaki hajui kama amefanyiwa wema au ameachwa. Vyote viwili vilikuwa na sura moja.

Wakaguzi walikuja kweli, wakamkuta mama na watoto watatu na alama ya maji ukutani juu ya kichwa cha mtoto. Majina yalipobandikwa, lake lilikuwemo. Akapewa vyumba viwili ghorofa ya tatu, jiko lake, bomba lake, choo cha ndani. Watoto walikimbia wakifungua na kufunga milango kwa sababu hawajawahi kuwa na mlango wa ndani. Mwezi haukuisha kikohozi cha Seifu kikakatika. Zulekha akashona mapazia ya vipande alivyopewa na Bi Hind. Siku za kwanza alikuwa akiamka alfajiri, anagusa ukuta kwa kiganja, mkavu, anarudi kulala.

Lakini masharti yalikuwa masharti. Asiyeandikwa haruhusiwi kulala, na getini kulikuwa na mlinzi. Mwanzoni Samson alikuja kila jioni, akala na watoto, akaondoka. Halafu akawa anaruka siku, kazi nyingi, Kigogo mbali. Halafu ikawa Jumapili. Uongo alioutamka dirishani ulianza kuwa kweli polepole, na hakuna aliyeuamuru uwe.

Jumapili moja Zulekha alisikia mlango unagongwa. "Hodi," sauti ikasema, ikangoja. Alipofungua, alikuwa Samson, amevaa shati la kupigwa pasi, ameshika mfuko wa machungwa kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Shadya akaenda kabatini, akatoa glasi ile nzuri, ile ya wageni, akamletea baba yake maji juu ya kisahani.

"Karibu, baba," alisema, kwa adabu.

Samson aliipokea kwa mikono miwili. Zulekha akaenda jikoni, akafungulia bomba ili asisikike.

Jumatatu hakwenda kazini moja kwa moja. Alimtafuta Samson sokoni, akamkuta anafunga kamba mzigo wa ndoo za plastiki.

"Nyumba ninayo," alimwambia, bila hata salamu. "Mkataba una jina langu. Sasa hakuna wa kusema unanioa ili upate pa kulala. Unanioa au hunioi?"

Beno, aliyekuwa upande wa pili wa guta, akajifanya anatafuta kitu chini.

"Watakufuta," Samson alisema. "Nilisema mbele ya yule dada kwamba siishi nanyi. Tukifunga watasema tulidanganya."

"Si tulidanganya?"

"Na watoto? Wakirudishwa bondeni?"

Swali hilo ndilo lililomnyima Zulekha usingizi. "Nalijua hilo," alisema. "Nimelifikiria. Jana mwanao amekupa glasi ya wageni. Hilo nalo nimelifikiria."

Samson aliiacha kamba. Alikaa kwenye ukingo wa guta, wapagazi wanampigia kelele apishe njia. Baada ya kitambo akatoa simu mfukoni. "Nitajie namba ya mzee," alisema.

Zulekha akaitaja kutoka kichwani. Simu ikapokelewa. Samson alisimama wima pale katikati ya makelele, kidole sikioni. "Shikamoo, mzee wangu. Naitwa Samson, wa Mbinga... Ndiye mimi... Nimepiga kukuomba binti yako, Zulekha. Sijasilimu, mzee, sitakudanganya... Nilipaswa kupiga zamani." Kisha akasikiliza. Samson akasema, "Ndiyo, mzee," akaishusha simu.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi. 'Nimesikia.' Akakata."

Haikuwa ndiyo wala hapana. Zulekha aliligeuzageuza neno hilo siku nyingi, hakulipatia upande.

Tangazo lao likabandikwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na lilipotimiza muda wake wakafunga ndoa Alhamisi asubuhi, mashahidi Bi Hind na Beno. Kutoka Kilwa hakuja mtu. Kutoka Mbinga alipiga simu dada yake Samson peke yake. Zulekha alitia sahihi mwenyewe, kwa mkono wake, na kalamu ilipomaliza herufi ya mwisho hakusikia furaha aliyoitazamia. Alisikia uchovu, na chini ya uchovu kitu kigumu kama sakafu.

Kutoka pale alikwenda ofisi ya mtaa, akamwekea Angelina cheti mbele yake.

Angelina alikisoma, akavua miwani. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi nisingeweza kuendelea kuishi vile."

"Lazima nipeleke faili kwenye kamati, dada yangu. Wanaweza kuliongeza jina la mumeo. Wanaweza kusema mlitoa maelezo ya uongo, wakakutoa. Sitaki kukupa tumaini nisilo nalo."

"Na mpaka kamati ikae?"

"Mpaka kamati ikae, bado hajaandikwa."

Jioni Bi Hind alituma pilau na watoto wakala wakashiba. Filbert alitaka kujua kama sasa baba anahamia. "Bado," Zulekha alisema. Mlinzi alipoanza kupita kwenye ngazi akiwakumbusha wageni, Samson alisimama, akavaa viatu. Mkewe alimsindikiza mpaka getini. Walisimama pembeni ya guta, watu wanapita.

"Haya, mke wangu," Samson alisema mwishowe.

"Haya. Uendeshe taratibu."

Akapanda, akakanyaga pedali kuelekea Kigogo. Zulekha alibaki pale mpaka hamwoni tena, ndipo akageuka kupanda ngazi kwenda kuwalaza watoto.